Mama Upande wa Pili wa Kioo

...kabonyeza tena, taa ya upande wangu imewaka, haya mama, vizuri, sauti ndogo hiyo hata mimi mpimaji naipata kwa shida, na mgongo wangu huu, tangu asubuhi masikio ya watu tu, sasa ya mama yangu mzazi, kakaa ndani ya chumba kisichopitisha sauti, kitufe mkononi, ananitazama kupitia kioo... jirani kaniambia mwanangu alilia mpaka sauti ikamkauka, bibi yake yupo palepale anachambua mchele, mama akaruka, "Yule ana domo! Mtoto nilimwacha makusudi, asidekezwe," nami nikataka kuamini, maana nisipomwachia yeye mtoto nimwachie nani, kazi niiache?... punguza tena, kabonyeza, punguza, kabonyeza, kwa matokeo haya mama ana masikio ya kigoli, ngoja, bibi gani anasikia hivi, na mbona kanielekea? wagonjwa wote nawakalisha ubavu wasione mkono wala bega langu ninapopiga sauti, wanafunzi nawagombeza kwa hilohilo, leo mama kasema, "Humu panatisha, nikuone mwanangu," nikamgeuzia kiti, uchovu huo... sitaki kufanya hivi, lakini nainua bega, nashusha mkono, sipigi sauti yoyote, kimya kitupu... taa imewaka. Anatabasamu. Ee Mungu wangu, tena, bega tu, taa imewaka tena, ananichekea kama mtoto aliyefaulu mtihani, na lile godoro, alilishusha sakafuni mwenyewe, analala kiganja kikiwa tumboni kwa mjukuu wake, nikamtania, mama unamlinda kama dhahabu, akacheka, kumbe anangoja kiganja kimwambie mtoto analia, kumbe anajua kuwa hasikii, usiku anajua la kufanya, mchana mikono yote iko kwenye kazi, na hakusema, aliogopa nitamnyang'anya mtoto, na si ndicho ninachowaza sasa hivi?... "Tumemaliza?" anauliza, sauti kubwa mno, naonyesha kwa kidole, bado mama, kidogo tu, namwonea huruma, najionea huruma na mimi, ningekuwa na nguvu ningelia, natamani niyaandike haya haya matokeo twende zetu nyumbani, lakini mtoto je... inabidi nishushe pazia la kioo nianze upya, na pazia likishuka atabaki mle peke yake, kashika kitufe chake, hajui abonyeze lini.