Upande Mweupe wa Slaidi

Binti alikuwa mwokaji wa mikate, na mwokaji aliyeamka saa nane za usiku hana subira na mtu mkaidi. Baba yake alikuwa mkaidi wa kupewa nishani. Kwa hiyo alasiri ile, walipofunga mapazia ya sebuleni na kuitoa projekta kwenye sanduku lake, alijiapiza kwamba leo habishani naye, hata mzee akisema chumvi ni tamu.

Muda wenyewe wa kubishana haukuwepo. Daktari wa macho alikuwa amesema bila kuzunguka: jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebakiza miezi michache. Mzee alimshukuru kwa adabu, akatoka nje, akamwambia binti yake kwamba anataka kumwona mama. Mama, yaani mkewe, alikuwa amefariki miaka thelathini na miwili iliyopita.

"Ile slaidi ya mlangoni," alisema. "Niione imetulia. Mara moja tu."

Enzi zake mzee alikuwa bwana afya. Alizunguka na projekta hiyo mashuleni na kumbini, akiwaonyesha watu viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama, mpaka wakambandika jina la Bwana Mbu. Alilichukia jina hilo mwaka mzima, kisha akaanza kuliitikia. Slaidi alizitengeneza mwenyewe: kipande cha filamu ndani ya fremu ya plastiki, nyeupe upande mmoja, nyeusi upande wa pili. Kwenye weupe aliandika kwa wino maelezo ya picha. Na alikuwa na sheria moja: slaidi ikiingia kwenye mashine, maandishi yawatazame watu, maana bwana afya hawapi watu mgongo. Maandishi yakishakuwa ndani ya mashine hakuna kiumbe awezaye kuyasoma, lakini nenda kamwambie yeye.

Sheria hiyo aliileta mpaka nyumbani. Watoto walikua wakijua kwamba picha ikikaa kidogo ukutani hupata ukungu katikati, na Baba husema, "Imechoka hii, tuweke nyingine." Waliamini kabisa kwamba picha huchoka kama watu.

Ile ya mlangoni ilichoka upesi kuliko zote. Ilikuwa ya giza: mama amesimama kwenye kivuli cha mlango, gauni la buluu iliyokolea, mkono mmoja ameuinua. Mzee aliipiga akiwa getini, asubuhi ya kuondoka kwa safari ya kazi ya wiki mbili. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamegombana, na asubuhi hawakuagana. Aliporudi alikuta mama ameshazikwa. Homa ya siku tatu, na taarifa ikapotea njiani. Filamu aliisafishisha miezi mingi baadaye. Aliiweka kwenye projekta mara mbili, na mara zote mbili iliingia ukungu kabla hajaiweka sawa lenzi, kukaanza kunuka plastiki ya moto. Hakuigusa tena.

"Ule mkono," alisema sasa, akipangusa lenzi kwa pindo la shati. "Alikuwa ananiambia niende zangu. Nataka niuone uso. Kama alikuwa na hasira, basi nijue."

Miaka yote hiyo binti alidhani mama yao alikuwa anapunga.

Balbu ilikuwa moja tu, na mpya hazipatikani tena. Binti aliingiza slaidi kama alivyofundishwa, maandishi yakiutazama ukuta. Mama akatokea, mrefu, mweusi, na kabla hata hawajaanza kumtazama akayeyuka kuwa ukungu. Harufu ikaja. Binti akaichomoa haraka na nusura aiangushe: upande mweusi ulikuwa wa moto, dole gumba likaruka lenyewe. Upande mweupe, ambako vidole vyake vingine vilikuwa vimeshika, ulikuwa na uvuguvugu tu.

Akasimama pale na kidole mdomoni.

"Baba, shika hapa. Haya, geuza, shika na huku."

"Huku panaunguza."

"Kazini tuna mikebe mipya inayong'aa, na ya zamani iliyokuwa myeusi tii. Tanuri moja, moto uleule. Mkate wa mkebe mweusi unaungua chini wakati wa mkebe mpya bado umepauka. Cheusi kinakunywa moto, Baba. Cheupe kinaurudisha ulikotoka. Na wewe miaka yote hii unaipa taa upande mweusi. Filamu inapata joto, inajikunja. Haijachoka, inaungua!"

Mzee aliigeuzageuza slaidi vidoleni.

"Maandishi yawatazame watu," alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Watu wenyewe ni mimi na wewe. Na tunajua kilichoandikwa."

"Ukiigeuza, mlango utahamia kulia."

"Uhame."

"Na picha yenyewe ni nyeusi."

"Ni kweli, itakunywa moto wake, hilo siliwezi. Ila fremu isiiongezee."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa nyumbani kwake, akasogeza kiti. Binti aliiacha feni ya mashine izunguke mpaka joto likaisha. Kisha akaigeuza slaidi, weupe ukaitazama taa, akaiingiza.

Mama akatokea tena. Mlango ulikuwa umehamia kulia kweli. Binti akahesabu kimoyomoyo: tano, kumi, kumi na tano. Picha ilitulia. Kwa mara ya kwanza zilionekana bawaba za mlango, na vifungo vya gauni, na uso.

Haukuwa na hasira. Mdomo ulikuwa wazi, kama wa mtu anayemwita mwenzake aliyeshafika mbali.

Mzee aliinuka, akaenda kusimama ubavuni mwa picha ili kivuli chake kisimfunike mkewe. Akasogeza jicho lake la kulia karibu kabisa na ukuta.

"Mkononi ameshika nini?"

Binti akasogea. Kati ya vidole vya mama kulikuwa na vioo viwili vidogo vya mviringo, na kijiti chembamba kikining'inia.

"Miwani, Baba."

Wiki mbili za safari ile mzee alisoma ripoti zake kwa kukunja uso, akiamini miwani yake imedondoka kwenye basi. Aliporudi aliikuta rafuni, imefungwa kwenye kitambaa safi, na katika msiba ule hakuuliza nani aliiweka. Alitazama mkono ule ukutani, kisha uso, kisha mkono tena. Machozi yalimtoka bila sauti, na binti yake, aliyekuwa ameshikilia swichi akichelea moto, akashindwa kuzima.

"Kumbe alikuwa ananiita," mzee alisema. "Nikapanda gari."

Akaweka kiganja chake kikavu ukutani, juu ya mkono ulioinuliwa.

"Nimeiona, mke wangu," akasema. "Nimeiona."