Fungu Lililosukumwa Nyuma

Katika nyumba ile hakuna aliyekumbuka kwamba friji ina taa. Ukifungua mlango ulikutana na ukuta wa makopo na mabakuli yaliyobebana mgongoni, na ukitaka nyanya moja ilikubidi uzuie maporomoko kwa goti. Kopo limeandikwa siagi, ndani, maharage. Lililoandikwa aiskrimu lilikuwa na nusu kitunguu. "Humu," Kaka alipenda kusema, "amini pua, usiamini maandishi."

Lakini asubuhi ile hakuna aliyetania. Nguo za Bibi zilikuwa zimekunjwa kwenye mkoba, na mkoba umewekwa karibu na mlango. Mchana Shangazi angekuja kumchukua, akakae kwake moja kwa moja.

Sababu ilikuwa dawa. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano ilitakiwa ikae kwenye baridi, isigande wala isipate joto. Chupa ya kwanza waliiweka ndani kabisa, ikaganda kama jiwe. Ya pili wakaiweka mbele. Mama alipoigusa aliikuta vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Ya tatu nesi wa zahanati aliishikilia kwanza, mpaka aambiwe itakaa wapi. Alimtazama Mama kwa huruma, na huruma ile ikamuuma Mama kuliko karipio. Shangazi alipopata habari alipiga simu. "Wifi, sikulaumu. Lakini friji yangu mimi inapoza maji mpaka yanaomba msamaha. Nipe mama yangu."

Mama alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amemtunza mama mkwe wake tangu siku walipomzika mumewe. Alikunja nguo, moja moja, kama anazomkunjia mteja.

Binti yake wa mwisho walimwita Msomi tangu amalize chuo. Siku nyingine kwa fahari, siku nyingine kwa utani, maana kazi ilikuwa bado inamkimbia. Alimkuta Bibi jikoni, amekaa kwenye kigoda chake kando ya friji.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, "nikiondoka usimnyanyase mume wetu." Alimaanisha Kaka, mjukuu wake dereva wa lori, aliyekuwa akikoroma sebuleni baada ya safari.

"Huendi popote, Bibi."

"Friji imezeeka, nami nimezeeka. Vizee viwili vitatunzana vipi?" Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, ameukaza.

Msomi aliutazama mkono ule, kisha akaitazama friji. Mambo ya mashine hakuyajua. Chuoni alisoma historia. Ila swali moja lilimkaa rohoni. Kitu kinachogandisha chupa ikawa jiwe, kimechoka vipi? Nguvu kinazo. Mbona baridi haifiki mbele?

"Mama, nipe muda mpaka Shangazi afike. Nataka kutoa kila kitu humu."

Mama hakuinua macho. "Mfa maji haachi kutapatapa. Haya, toa."

Akatoa. Meza ikajaa, benchi likajaa, akatandika mkeka nao ukajaa. Harufu ikamwamsha Kaka, akaja ameziba pua.

"Jamani, nani kafariki?"

"Samaki," Mama alisema. "Na tarehe ya msiba hatuijui."

Nyuma kabisa lilibaki bakuli moja la kifuniko cha buluu, limenasa kwenye barafu. Msomi alilivuta, likagoma. Akalitikisa taratibu, akamwagia maji ya uvuguvugu pembeni, mpaka likamjia mikononi. Nyuma yake palikuwa na vitundu, vimepangwa kwa mstari kama matundu ya filimbi. Hewa baridi ikampuliza vidoleni, safi, yenye nguvu.

Alisimama pale, mkono ndani, kama mtu aliyesikia moyo wa mgonjwa ambaye wote walishamlilia.

"Inapumua," alisema. "Friji ni nzima. Sisi ndio tulioiziba." Akageuka na bakuli. "Hili nani aliliweka huku?"

"Nilimwekea bibi yenu," Mama alisema. "Mnofu wa samaki. Niliutoa miiba wote."

"Niliuona," Bibi akasema. "Ila nikajua mume wangu atarudi na njaa ya barabarani. Nikausukuma nyuma, asije mtu akaudokoa."

Kaka alikuna kichwa. "Mimi niliukuta alfajiri. Nikajua ni wa Msomi, maana siku ile alikuwa na usaili. Nikausukuma ndani zaidi."

Msomi aliikumbuka siku ile. Alirudi na njaa, akaliona bakuli, akajisemea kwamba Mama ameshinda kwenye cherehani bila kula. Akalisukuma mpaka likagonga ukuta, kisha akala mkate mkavu.

Mama akainua kopo la siagi. "Na haya maharage?"

"Niliyaacha ili ule wewe," Kaka alijibu.

"Mimi niliyaacha ili ule wewe!"

Wakaenda hivyo, kopo kwa kopo. Supu ya Bibi aliyomwachia Mama. Viazi vya Mama alivyomwachia Msomi. Msomi alitazama meza, benchi na mkeka. Tangu asubuhi alidhani anatoa taka. Kumbe kila kifuniko kilikuwa na mtu aliyekinyima kinywa chake kwa ajili ya mwenzake, akaficha fungu nyuma kwa siri, na wema wote ule ukaoza gizani bila kumfikia mwenyewe. Nyumba yenye watu wanne, na hajui hata mmoja kiasi anachopendwa!

Mama aliketi mkekani katikati ya makopo. Alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Yaani tumeipasha joto dawa yake kwa kumwekea chakula."

"Nilijua mtaniua kwa shibe," Bibi akasema.

Wakafanya kazi. Vilivyooza walivifukia nyuma ya nyumba, kwenye kitalu cha mboga. Viazi na nyanya zilizolegea Mama alizibandika jikoni zikawa mchuzi wa siku hiyo hiyo. Makopo ya siagi yakastaafishwa. Mabaki mapya yangekaa kwenye mitungi ya kioo, kila jicho lione. Nyama mbichi chini kabisa. Vya kuliwa kwanza mbele, usawa wa macho. Rafu ya katikati wakaiacha wazi kwa ajili ya dawa, mbali na vile vitundu na mbali na mlango. Pale Msomi aliweka glasi ya maji ya kupimia baridi, akafunga, akakataza mtu yeyote kufungua.

"Hata mimi mwenye friji?" Mama aliuliza.

"Hata wewe. Na kuanzia leo, ukimwekea mtu, mwambie."

Shangazi alifika jua limeshainama, akapita moja kwa moja jikoni. Alifungua mlango, na taa ikawaka. Iliwaka juu ya rafu nyeupe, juu ya karoti na majani mabichi, mpaka ukuta wa nyuma.

"Mmenunua mpya?"

"Ni ileile, wifi," Mama alisema.

Shangazi akachukua glasi, akaitazama kuona kama maji yameganda, akanywa funda kubwa. Akashika shavu. "Uwii, jino langu!"

Kaka alipiga kofi mezani. Shangazi akaweka glasi chini, akamgeukia Mama. "Wifi, nilisema maneno. Nisamehe. Mpigieni nesi, nitawapeleka mwenyewe kuchukua hiyo dawa. Na Jumapili nitakuja kukagua, msinione mchawi."

Mama alikwenda mlangoni, akaurudisha mkoba chumbani.

Bibi hakumfuata. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda, amesimama mbele ya friji, mwanga umemfunika uso na mikunjo yake yote.

"Bibi, funga, baridi inatoka," Msomi alimwambia polepole.

"Ngoja kidogo, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Bado natazama."