Petali Iliyoungua

…na kahawa inapoa, wao wamesimama nyuma yangu, mimi nimepiga magoti kama anayeungama mbele ya kabati hili la droo tatu, njumu zake, vipande vya mbao vilivyopachikwa usoni, ni waridi, riboni na majagi ya Kirumi, mtindo wa yule seremala wa miaka mia mbili iliyopita wanayemwita Fundi Mkuu, na kidole changu kiko juu ya petali moja nyeusi, kimegoma kuondoka, "Umeona nini, Profesa?" anauliza Signora Ghiringhelli, mwenye kabati, mjane wa watu, "usiniweke roho juu, sema tu ni la Fundi Mkuu, makumbusho wanangoja saini yako," na Ferrario, mwenzangu wa chuoni, anacheka, "Mwache, mama, anazungumza na marehemu"… laiti angejua marehemu yupi, maana petali hii naijua, nilikuwapo ilipoungua, mjini Cantù, karakana ya baba, nina miaka ishirini na moja, nimewaleta wanafunzi wenzangu waone nakala za samani za kale zinavyotengenezwa, na baba ameinamia sufuria ya shaba ya bibi, ile ya kusongea polenta, ugali wa kwetu, imejaa mchanga wa moto, anachovya petali moja moja ziungue ukingoni zipate kivuli, hesabu nne, toa, hesabu nne, toa, vidole vina gundi, aproni imechanika, na msichana mmoja mwenye glavu nyeupe ananiuliza, huyu nani wako, nami nikasema, ah, fundi tu, tunafahamiana… fundi tu… baba akasikia, mkono ukasahau kuhesabu, petali ikaungua hadi shinani, akaitoa kwa kibano, akaitazama, nikadhani ataitupa, akaipachika vilevile, ya tatu kushoto, ndipo akainua kichwa, "Karibu, signorina," mimi, binti yake wa kumzaa, signorina, bibie tu, kama mpita njia… kabati aliliuza kama nakala, baba hakumdanganya mtu, waliokuja baadaye ndio walioliongezea umri, mwongo wa nyumba ile nilikuwa mimi, hata siku ya mazishi yake nilimwambia Ferrario nakwenda kumzika jamaa wa mbali, "Na hii nyeusi," Ferrario anainama, ananipumulia begani, "ona uthubutu! Nani mwingine angethubutu, kama si Fundi Mkuu?" uthubutu, Mungu wangu, ni aibu yangu hiyo unayoisifu, uso unaniwaka, nikinyamaza nitakuwa nimemzika baba mara ya pili, na safari hii kwa saini, nikisema wataniuliza nimejuaje, nami siwezi kusingizia kwamba ni gundi au misumari iliyoniambia… "Haya, Profesa, la nani?" kahawa imeshapoa, bado nimepiga magoti, kidole bado kiko pale pale, na jina ninalo, Ambrogio Meroni wa Cantù, lakini jina watalipata baadaye, kwanza lile neno nililolimeza mlangoni mwa karakana, linapanda, nalitamka, baba, huyu ni baba yangu.