Kona ya Casilda

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 27 Mei 2011, saa ya chakula cha mchana, na yaliharibikia mezani. Ndivyo wakubwa wa Villarmiel wanavyopenda kuharibu mambo: wameketi, leso kifuani, mwanakondoo wa kuchoma katikati, divai pembeni. Siku hiyo Don Fulgencio, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Deportiva Villarmiel, alikula na mwenyekiti wa Castrollano, mji wa ng'ambo ya mto. Kahawa haijaletwa, walikuwa wamekwisha kuziunganisha klabu mbili ambazo tangu kuzaliwa kwazo hazikuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza mechi. Timu mpya ingechezea Castrollano. Uwanja wa Deportiva, Las Eras, ungeuzwa yajengwe maghala.

Mzee Eutimio, shabiki wa Deportiva, alizipata habari baani, ameshika kete ya dhumna mkononi. Hakuitupa mezani wala hakuirudisha. Alikaa nayo tu.

"Wameuza Las Eras," Saturio alisema. Alikuwa mwashi mstaafu, mwenzake wa dhumna, mdomo hauna breki. "Basi wamemuuza na Casilda wako."

Watu wote baani wakamgeukia. Saturio mwenyewe akatazama chini, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgonjwa.

Maana Casilda, mke wa Eutimio, alikuwa pale uwanjani. Kabla ya kufa alimshika mumewe mkono akamwambia, "Makaburini sitaki, kuna baridi na watu hawapigi kelele. Nimwage pale Deportiva inapocheza." Eutimio akaenda alfajiri moja na majivu yake, akayamwaga kwenye kona ya upande wa jua, chini ya kibendera. Ruhusa hakuomba. Aiombe kwa nani? Kwa wale waliochukua miezi kumpangia mkewe kitanda cha hospitali, na kitanda kilipopatikana mwenye kukilalia hayupo? Tangu hapo Eutimio hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye cheo, kuanzia meya hadi refa. Hata askofu alikuwa na lake.

Kwenye kona ile ndipo Casilda aliposimama kila Jumapili tangu uchumba wao. Wakati wa mapumziko aliuza tiketi za bahati nasibu ya paja la nguruwe lililokaushwa. Kipindi cha pili aliwashughulikia washika vibendera. Na alijua kulia kama kondoo kuliko mtu yeyote mkoani. Akilia, mshika kibendera aligeuka kuangalia nyuma, na mshambuliaji wa Villarmiel alikwisha ponyoka.

Kulia kama kondoo ilikuwa sala ya klabu ile. Las Eras palikuwa mahali pa kupuria ngano, na vijana walioianzisha Deportiva mwaka 1927 walisubiri mavuno yaishe ndipo wapige mpira. Lakini mifugo ilikuwa imewatangulia kwa karne nyingi. Kila vuli kondoo walipita hapo kwenda kusini kwenye majani, na kila Juni walipita tena kurudi milimani. Wakikuta mechi, mechi ilisimama. Refa aliketi juu ya mpira, wachezaji wakavuta sigara, kondoo wakapita, kisha mchezo ukaendelea kwenye mavi. Mwaka 1958 refa mmoja kutoka mjini alikataa kusimamisha. Shuti la Villarmiel likagonga tako la kondoo dume, likamwacha kipa wa Castrollano amelala upande mwingine. Refa, kwa aibu ya ukaidi wake, akakubali bao. Toka siku hiyo watu wa Castrollano waliwalilia "meee" kila walipokutana, na watu wa Villarmiel, badala ya kukasirika, wakalia kwa sauti kubwa zaidi.

Eutimio peke yake ndiye aliyekuja kuwachukia kondoo, tena tangu Casilda afe tu. Walikuwa wakila majani ya kona ile. Vuli iliyopita alisimama pale na fimbo, akiwafukuza, huku Obdulia, mwenye kundi, akicheka hadi kushika mbavu.

"Shemeji, utazuia kundi zima kwa kijiti hicho?"

"Wanamla mke wangu, Obdulia!"

"Na mkeo amekula kondoo wangu wangapi? Waache walipize."

Sasa, wiki moja baada ya habari zile, alimfuata Don Fulgencio ofisini kwake, kofia mkononi, akijilaumu kwa kuivua.

"Eutimio, mzee wangu," Don Fulgencio alisema, "dunia inakwenda mbele."

"Nenda nayo basi. Mimi niachie kona."

"Hutapoteza kitu. Historia yetu yote tunakwenda nayo Castrollano."

"Kwa lori gani?"

Don Fulgencio akacheka kile kicheko cha watu wanaosubiri utoke. Akasema, kwa huruma aliyoiona kubwa mno, kwamba kabla trekta halijaingia angemruhusu Eutimio achote udongo wake. Aje Jumamosi asubuhi. Yeye mwenyewe angefika na mnunuzi, na ufunguo angekuwa nao. Kwa maana wakati huo walikuwa wamekwisha uzungushia uwanja ua wa waya na kufuli jipya.

Usiku huo Eutimio alifikiria achotee nini. Debe la rangi lilikuwa na kutu. Mfuko wa plastiki aliuona ni matusi. Mwishowe akatwaa sufuria ya Casilda ya mbaazi, ile kubwa yenye mfuniko, akaisugua. Halafu akakaa akiitazama. Angechota kiasi gani? Majivu yamenyeshewa misimu miwili, yameshuka, yamekuwa majani, majani yameliwa. Ajue vipi ameishia wapi Casilda, na udongo umeanzia wapi? Akichota kidogo, nusu yake itazikwa chini ya ghala la mtu.

Jumamosi alifika na sufuria na jembe, akasimama langoni. Kufuli lilikuwa linang'aa. Kibendera cha kona alikiona ndani, umbali wa kurusha mpira tu.

Don Fulgencio akafika na mnunuzi, bwana mmoja mwenye viatu vyeupe, na vibarua wawili wa uzio. Alikuwa ndiyo kwanza anautafuta ufunguo mfukoni zikasikika kengele.

Kwanza vumbi, kisha mbwa, kisha kondoo barabara nzima, wamechoka, wamekonda, wanarudi kutoka kusini. Wakafika kwenye waya wakasimama. Walio nyuma hawakujua kwa nini walio mbele wamesimama, wakasukuma. Mnunuzi akajikuta yuko katikati ya sufu, ameinua mikono kama mtu aliyeibiwa.

"Nani kafunga?" Obdulia alipiga kelele akija na fimbo yake. "Fulgencio! Wewe? Marehemu mama yako anajua?"

"Bi Obdulia, wazungushe pembeni. Hii ni mali ya klabu."

"Nizungushe wapi? Kwenye ngano ya watu?"

Pamoja naye alikuwapo askari wa misitu na njia, kijana mnene aliyelisindikiza kundi tangu mpakani mwa mkoa, kama wafanyavyo askari wenzake kila mwaka. Akaushika waya, akautikisa.

"Huu uondoeni," akasema.

"Kijana, huu ni uwanja wa mpira," Don Fulgencio alisema.

"Naona magoli. Lakini mnasimama kwenye njia ya mifugo, mheshimiwa. Upana wake unameza uwanja wote, na jukwaa juu yake. Njia hizi haziuzwi, hazijengwi, hazizibwi. Si za klabu, si za mji."

"Tumecheza hapa zaidi ya miaka themanini!"

"Na kondoo wamewavumilia."

Mnunuzi alijichomoa kutoka kwenye sufu, viatu havikuwa vyeupe tena. "Don Fulgencio," alisema polepole, "ulikuwa unataka kuniuzia barabara?"

Don Fulgencio aliacha kuutafuta ufunguo. Miaka yote ile, wakubwa wote wale na picha zao ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini kondoo walikuwa wakipita. Waliona ni kichekesho cha kuwasimulia wageni.

Vibarua wakakata waya. Kondoo wakamiminika ndani, na kama kawaida yao wakaenda moja kwa moja kwenye kona ya upande wa jua, yenye majani mazuri kuliko kote.

Eutimio aliwafuata. Alipofika kwenye kibendera aliigeuza sufuria juu chini, akaikalia. Akashindwa kujua kama anacheka au analia. Kondoo jike mmoja alikuwa anatafuna karibu kabisa na kiatu chake.

"Leo hutufukuzi, shemeji?" Obdulia alimuuliza.

"Waache wale," Eutimio akasema huku akijipangusa pua. "Casilda hakuwahi kumnyima mtu chakula. Labda washika vibendera."

Obdulia akaketi chini kando yake, akafungua jibini. Wakala. Jua lilikuwa zuri. Eutimio akajaribu kulia kama kondoo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ikatoka sauti mbovu kabisa, mbwa akamtazama kwa masikitiko.

Wakubwa walikwenda zao Castrollano. Walichukua jina, vikombe na picha zao. Uwanja walishindwa kuubeba. Agosti ile ile mwoka mikate, mwalimu wa kuogelea, wapwa wawili wa Obdulia na wengineo wakaandikisha timu katika daraja la chini kuliko yote, kwa jezi zile zile nyeupe za Deportiva zilizopatikana kabatini mwa akina mama. Jumapili ya kwanza walifungwa mabao manne. Watu walikula mbegu za alizeti, paja la nguruwe likachezewa bahati nasibu, na kutoka kwenye kona ya upande wa jua mzee mmoja alimlilia mshika kibendera "meee" mpaka akaonywa. Aliporudi nyumbani alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu awe mjane.

Kabla ya mechi ya pili Saturio alipanda ngazi kupaka upya ukuta wa lango. Akaandika DEPORTIVA VILLARMIEL kwa rangi nyeusi, herufi zimeinama kidogo. Kisha brashi ikasimama hewani.

"Chini niandike mwaka gani?"

"Ishirini na saba!" mmoja akasema.

"Ishirini na saba wamekwenda nayo Castrollano, iko kwenye jezi zao," akadakia mwingine. "Sisi ni wa mwaka huu. Ndivyo lilivyoandika shirikisho la mpira."

"Shirikisho limewahi kukanyaga mavi ya kondoo hapa?"

Wakabishana mpaka rangi ikaanza kuota ngozi koponi. Eutimio, aliyezoea kuwa wa kwanza kubisha, safari hii aliwageuzia mgongo. Alikuwa anautazama uwanja mtupu na kibendera kile, na maneno ya Casilda yakimrudia: pale Deportiva inapocheza. Hii ndiyo ile, au ni nyingine iliyovaa nguo zake? Nafasi ile ukutani iko wazi hadi leo. Na siku ile kutoka juu ya ngazi Saturio alimwita yeye, kwa jina.

"Eutimio! Wewe ndiye uliye na mtu humu ndani. Sema basi: sisi tumezaliwa lini?"