Mapera Yaliyoshonewa Nguo

Mimi ni fundi cherehani, na niseme mapema kwamba fundi yeyote atakayekuambia hana mabaki ya vitambaa ni mwongo. Katika uongo huo mimi nilikuwa namba moja.

Nyuma ya chumba changu cha kazi kuna mipera sita. Msimu uliopita mama mkwe alikuja kututembelea, tukampa pera lililoiva, akaling'ata mbele ya ukoo mzima, kisha akatazama pale alipong'ata. Alikuta nusu ya funza. Nusu nyingine sote tulijua iko wapi. Akachukua mkoba wake. "Nyumba hii sili tena, hata maji sinywi," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Mke wangu, ambaye ni kitinda mimba wake, akawa anapakua chakula huku anatazama mlango. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali kusema.

Nikataka kununua dawa kali, nimalize wadudu wote. Mke wangu akashika kiuno.

"Umwage sumu kwenye matunda, halafu umkaribishe mama yangu? Si afadhali funza!"

Tukamwita bwana shamba. Akatueleza kwamba adui ni nzi wa matunda: jike hutoboa ganda la pera changa na kutaga mayai ndani. "Yanayoanguka yaokoteni yote, yafungeni kwenye mfuko mweusi, muuache juani mpaka funza wafe. Halafu kila pera, likiwa bado dogo na gumu, livisheni mfuko. Nzi akikosa pa kutoboa, ataenda kwa jirani." Jirani yetu, aliyekuwa anachungulia ukutani, akakohoa.

Mifuko ya karatasi ilidumu mpaka mvua ya kwanza, ikawa uji. Hapo ndipo nikakumbuka gunia langu la mabaki. Nilikaa kwenye cherehani siku nne, nikashona vifuko mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja na kamba yake ya kufungia. Sikulipua kazi hata kidogo. Vingine nilivipiga pindo mara mbili. Nikapanda ngazi, nikavisha pera moja moja. Jirani akauliza kama mapera yanakwenda harusini. Nikajipiga kifua.

Wiki zikapita. Nikafungua kifuko kimoja, nikakuta pera la manjano, safi, halina hata tundu la ncha ya sindano. Nikalikata vipande kumi na sita kwa wembe wa kufumulia mishono. Funza hakuna. Mke wangu akampigia mama yake simu, akabembeleza, akalia, akabembeleza tena, mpaka mama mkwe akakubali kuja.

"Kutazama tu," akasema. "Si kula."

Alikuja Jumamosi asubuhi, akasimama chini ya mpera wa kwanza, akatabasamu. Kisha tabasamu likafifia, akavaa miwani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Haya maua ya zambarau nayajua."

Miaka miwili nyuma aliniletea mita tano za kitambaa chenye maua hayohayo, nimshonee gauni la mikono mirefu kwa ajili ya harusi ya mwanawe wa kwanza. Nilimwambia, tena kwa kiapo, kwamba kitambaa hakikutosha. Akaenda harusini na mikono inayoishia juu ya kiwiko, na ubaridi wa siku ile hajaacha kuusimulia.

"Hesabu," akasema.

"Mama, huenda ni kitambaa kinachofanana tu…"

"Hesabu, mwanangu."

Nikapanda ngazi, nikahesabu. Kumi na saba. Hapo sijataja kumi na tisa yaliyovaa sare ya kwaya, na mwalimu wa kwaya anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mama mkwe akafungua kifuko cha zambarau kilichokuwa karibu, akachuma pera, akaling'ata. Nadhani hasira zilimsahaulisha. Akatazama alipong'ata. Akang'ata tena.

"Tamu," akasema kwa uchungu. "Tamu, mwizi wewe." Akalimaliza, akakikunja kile kifuko. "Hivi vyote vikiunganishwa, vinatosha mikono miwili?"

"Vinatosha, mama. Hata kola inatoka." Sijui kwa nini siku hiyo ndiyo niliyochagua kusema kweli. "Ila haya mengine hayajaiva. Tukiyavua sasa, nzi watayaingia."

Akafikiri, akamgeukia mke wangu.

"Nitandikie kitanda, binti yangu. Siondoki hapa bila mikono ya gauni langu. Na mnakula saa ngapi siku hizi?"

Mke wangu alikimbilia jikoni, kandambili moja akaiacha uani. Nikasikia anaosha sahani, anaiosha tena, huku anaimba. Nikatazama yale mapera kumi na sita yaliyobaki, nikaomba yachelewe kuiva.