Kiboko Mwenye Ndama

Osewe aliacha uvuvi wiki moja baada ya kumzika rafiki yake Lazarus. Akaja Nairobi, akapanga chumba Sarang'ombe, mtaani Kibera, na kushika useremala. Jael, dadake Lazarus, alikuwa na saluni karibu na steji ya Kawangware 56, na kwa miezi minane Osewe alimkwepa.

Jumamosi moja walikutana uso kwa uso Soko la Toi, Jael akichagua viatu.

"Osewe. Kumbe uko huku."

"Niko."

"Nyumbani wanasema Lazarus alikuwa amelewa, ndio maana kiboko akamshika. Mama hata kanisa ameacha. Wewe ndio ulikuwa na yeye. Alikuwa amekunywa?"

Osewe alitaka kusema hajui. Akaketi juu ya robota la mitumba.

"Hata chai hakuwa amekunywa."

Akamweleza. Asubuhi ile magugu maji yalikuwa yameziba njia yao ziwani, wakapitisha mtumbwi kando ya matete. Pale palikuwa na kiboko jike, ndama amempanda mgongoni. Lazarus akasema warudi, kwani kiboko mwenye mtoto hatishwi na kelele. Kiboko akaachama, meno yote nje, na Lazarus akasema tena warudi.

"Nikamwambia huyo anapiga mwayo tu," Osewe alisema. "Nyavu zetu zilikuwa mbele. Nikaendelea kupiga kasia."

Kiboko akazama. Maji yakatulia kidogo, kisha mapovu yakaja mstari mmoja kuwaelekea, na mtumbwi ukarushwa kutoka chini. Osewe alidaka magugu. Lazarus aliangukia upande wa ndama.

"Alimuuma mara moja, akamwacha. Kiboko hata hali nyama. Alirudi kwa mtoto wake."

Jael aliweka viatu chini.

"Na ukasimama kaburini, pasta akihubiri juu ya pombe."

"Nilisimama."

"Basi utaenda kusema. Si kwangu. Kwa Mama."

Ijumaa iliyofuata walisafiri pamoja kwenda nyumbani. Mama yake Lazarus alimsikiliza mpaka mwisho bila kulia.

"Alisema mrudi?"

"Ndiyo, Mama. Mara mbili."

"Jumapili utayasema hayo kanisani."

Aliyasema yote. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele, kichwa juu, macho kwa watu. Ibada ilipokwisha waumini walimzunguka Mama, wakamsalimu mmoja mmoja. Hakuna aliyempa Osewe mkono. Jael alibaki na mamake, na Osewe akarudi Kibera peke yake.