Bolti Isiyo na Rangi

Gari lilikuwa jeusi, la milango minne, lenye turbo mbili na kiti cha dereva kilichoanza kupasuka ngozi. Mwenye nalo, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amelipaki uani na kulifuta vumbi. Mnunuzi alikuwa mkunga anayefanya kazi katika hospitali mbili zilizo mbali moja na nyingine. Alilipenda tangu kwenye picha, akamleta mjomba wake fundi amwambie kama mapenzi hayo yana akili.

Mjomba aligusa boneti kwanza. Ilikuwa baridi, akaridhika, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika mara nyingi inaficha jambo. Akaiwasha, akaisikiliza, akaizima.

"Halitoi moshi," mpwa wake akasema.

"Wewe umeshalinunua moyoni. Niache nikague."

Mwalimu akacheka. "Binti, mjomba wako ananikumbusha wakaguzi wa shule. Breki ni za mwaka huu. Dereva wangu ndiye aliyelipeleka gereji, kwa fundi anayesifiwa."

Mjomba akapiga jeki, akavua gurudumu la mbele kulia, akachuchumaa. Kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, hushikwa na bolti mbili. Ya juu ilikuwa na mstari mdogo wa rangi ya njano, na mstari ule ulikuwa wake. Kila bolti anayoikaza kwa spana ya kipimo huipaka hivyo, asije akaisahau. Ya chini haikuwa na mstari. Akaishika kwa vidole viwili, ikazunguka.

Spana ilikuwa mkononi. Angeweza kuikaza bolti kimyakimya, na wale wawili wangeendelea kuzungumzia viti.

"Mjomba, umeona nini?"

"Njooni muone." Wakainama. "Breki hizi nilizifunga mimi. Hii sikuikaza."

Mwalimu aliizungusha bolti kwa kidole. "Wajukuu zangu hupanda gari hili kila Jumamosi."

"Nisamehe, mwalimu. Labda nilipigiwa simu, labda nilikuwa na njaa. Sina sababu ya kukupa."

Mwalimu aliinuka. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyumba, mikono magotini.

"Na magurudumu mengine?" mpwa akauliza.

"Sijui. Tufungue yote."

Matatu yalikuwa sawa. Mjomba akaikaza ile bolti, kisha akakagua injini, giaboksi na chini ya gari hadi adhuhuri.

"Gari ni zima," akasema mwishowe. "Ningekuwa wewe ningelichukua."

"Nami ningependa kukuamini, mjomba. Lakini kesho nitaleta fundi mwingine, na wewe uwepo."

Mjomba akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Basi mlete jirani yangu wa gereji. Tumenuniana mwaka wa tatu huu, hataniachia hata nati moja."

"Nipe namba yake," mpwa akasema.